HATUTAKI KIPANDE CHA MDOMONI



Siku hizi kumekuwa na maneno mengi juu ya kipimo cha mate, na kila mtu ana lake. Wengine wasema ni hila, wengine wasema ni baraka. Na wengine, hasa wale wenye daftari za kuandikia watu kazi, wamekiona kuwa njia nyepesi ya kuchagua vibarua kama mtu achaguavyo mbuzi sokoni, akimfungua mdomo ahesabu meno. Tumeona afadhali jambo hili liandikwe katika karatasi yetu kabla halijaharibiwa na uvumi.

Habari yenyewe ni hii. Mwenye kandarasi mmoja anayechukua watu wa kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto (jina lake hatulitaji hapa, wajumbe wanalijua) aliwapanga watu mstari asubuhi kabla ya kuwaandika kazi. Akaja kijana na sanduku, akampa kila mtu kijiti apanguse ufizi. Karani akasimama kando na daftari. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Hakuna aliyeambiwa ni ugonjwa gani unaotafutwa. Neno lililosemwa ni moja tu, ya kwamba haya ni mambo ya afya. Baada ya kungoja, majina yakasomwa, na ya watu wawili hayakusomwa. Nyapara akawaambia warudi nyumbani, kazi imejaa. Lakini haikujaa, kwa maana kesho yake waliandikwa wengine wawili mahali pao.

Majibu ya ndugu hao yalikuwa nini, sisi hatuyajui wala hatutaki kuyajua. Hayo ni yao. Tulipokwenda kuuliza tuliambiwa tusifanye makelele, maana hakuna aliyechomwa sindano, hakuna aliyetolewa damu, mate tu. Hapo ndipo hasira yetu ilipoanza. Tangu lini mate ya mtu yakawa mali ya mwenye kandarasi?

Sasa tukieleze kitu chenyewe, kwa sababu mtu hawezi kukishindania kitu asichokifahamu. Wengi wetu tuliishia darasa la nane katika shule za misheni, lakini jambo hili si gumu likielezwa na mtu asiyetaka kukutisha.

Virusi vikiingia mwilini, mwili huunda askari wa kupigana navyo. Wataalamu huwaita kingamwili. Kila ugonjwa una askari wake: wa ukambi si wa rubela, wa rubela si wa matubwitubwi, na wa virusi vya Ukimwi ni wengine kabisa. Askari hawa hutembea katika damu, na kidogo hupenya hadi mdomoni, hasa pale ufizi unapokutana na jino. Kwa hiyo watu husema kipimo cha mate, lakini hasa kinachotakiwa ni ule unyevu wa ufizini, ndiyo sababu kijiti hupanguswa ufizi na si ulimi. Askari walioko hapo ni wachache mno kuliko walioko katika damu. Kuwaona kunataka kipimo chenye macho makali.

Na kumbukeni neno hili, kwa maana ndilo linalopotoshwa zaidi: kijiti hakitafuti virusi, kinatafuta askari. Ukifika stesheni ukakuta polisi wamejaa, wajua ya kwamba habari za mwizi zimefika, ijapokuwa mwizi mwenyewe hujamwona. Basi yule ndugu aliyesema katika chumba cha kulia ya kwamba, kama Ukimwi huonekana katika mate, tusinywe tena kikombe kimoja na fulani, ameona polisi akapiga kelele ya mwizi. Mate hayaambukizi virusi vya Ukimwi. Kikombe hakiambukizi, wala sahani, wala shuka za chumba cha kupumzikia cha madereva. Maneno yale yalitutia aibu, na twamwomba ayaache. Mwenye kandarasi hufurahi sana akisikia mfanyakazi anamkimbia mfanyakazi mwenzake.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1987 wataalamu watatu wa Uingereza, Parry, Perry na Mortimer, waliandika katika The Lancet, gazeti la madaktari, kuonyesha ya kwamba askari wa virusi mbalimbali waweza kupatikana katika mate kwa kipimo kilicho kikali vya kutosha. Tangu mwaka 1994 serikali ya huko imekitumia kipimo hicho kwa ukambi, matubwitubwi na rubela. Daktari akidhani mtoto ana ukambi, nyumbani hupelekwa kijiti, mzazi hupangusa ufizi wa mtoto, halafu kijiti hurudishwa maabara kwa posta. Ikaonekana ya kwamba wengi waliodhaniwa wana ukambi hawakuwa nao, walikuwa na vipele vya magonjwa mengine. Faida yake ni kujua ukambi wa kweli uko wapi ili chanjo ipelekwe huko. Mtoto naye hakulia kwa sindano. Tazameni basi kazi njema ya kijiti hiki: kinautafuta ugonjwa ulipo. Cha yule mwenye kandarasi kilitafuta mtu wa kurudishwa nyumbani.

Kwa Ukimwi, Marekani ilikiruhusu kipimo cha haraka cha mdomoni mwaka 2004 kwa mikono ya wahudumu, na mwaka 2012 ikaruhusu mtu ajipime mwenyewe nyumbani. Shirika la Afya Duniani likashauri kujipima mwezi wa Desemba 2016, na hapa Kenya serikali ilianzisha kujipima mwaka 2017. Mwaka 2024 Shirika hilo lilikubali pia kipimo cha kujipima cha homa ya ini aina ya C. Vitu hivi vimefika kwetu, na vitazidi kufika. Hatuwezi kuziba njia wala hatutaki kuiziba. Tunauliza tu nani ameshika kijiti, na nani anasoma majibu.

Mabwana husema kipimo hakisemi uongo. Haya, tutazame hesabu, kwa sababu hesabu hata sisi tulifundishwa. Serikali ya Marekani ilipokiruhusu kipimo cha OraQuick kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2012, ilieleza waziwazi ya kwamba katika kila watu 12 wenye virusi wanaojipima wenyewe, mmoja aweza kuambiwa hana. Na katika watu 5,000 wasio na virusi, mmoja aweza kuambiwa anavyo. Kwa mikono iliyofundishwa hesabu huwa nzuri zaidi, lakini hakuna daktari atakayekuapia ya kwamba kosa halipo. Ndiyo maana kanuni ni kwamba mistari miwili ya kijiti si hukumu. Ni ishara ya kwenda hospitali upimwe damu, mara moja na tena, ndipo uambiwe neno la mwisho. Sisi wa reli twajua ishara ni nini. Ishara nyekundu humwambia dereva asimame, uchunguzi ufanyike. Haijawahi kumwambia ang'oe reli.

Tena kuna wiki za mwanzo. Mtu aliyeingiwa na virusi juzi, askari wake bado hawajaandikwa kazi, na kijiti kitasoma mstari mmoja. Yaweza kupita hata miezi mitatu kabla hawajaonekana wazi. Tena mtu aliyekwisha kuanza dawa za Ukimwi hapasi kutumia kijiti hiki, kwa sababu askari hupungua na kijiti chaweza kumwambia hana. Kwa hiyo chekecheke la mwenye kandarasi lina matundu kila upande. Amemrudisha nyumbani mtu ambaye labda hana kitu, na amemwandika ambaye labda anacho, na wote wawili wangeshindilia kokoto sawasawa.

Naam, sawasawa. Hili mabwana hawalisemi. Virusi vya Ukimwi havimzuii mtu kuinua taruma. Mtu anayemeza dawa zake kila siku huwa na nguvu kama wewe, na virusi vikishashuka hata visionekane kwa kipimo cha damu, hamwambukizi hata mwenziwe wa kitandani, seuze mtu wa kushika naye sururu. Na homa ya ini aina ya C ni mfano wa ajabu zaidi. Siku hizi ina dawa za kumeza, na wengi sana hupona kabisa kwa wiki 8 au 12. Lakini askari wake hubaki mwilini miaka na miaka baada ya ugonjwa kuondoka. Kijiti kitaonyesha mistari miwili kwa mtu aliyepona. Bwana atakayefukuza watu kwa kipimo hicho atawafukuza waliokwisha kupona!

Sasa sheria. Kila mfanyakazi ayashike maneno haya. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi, namba 14 ya mwaka 2006, kifungu cha 13, yakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine apimwe virusi vya Ukimwi, na yakataza kupimwa kuwa sharti la kupata kazi au kubaki kazini. Kifungu cha 14 chataka ridhaa ya anayepimwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya hali yake ya virusi, awe ameajiriwa au anaomba kazi. Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari za kulindwa zaidi, si za kuandikwa na karani katika daftari la posho. Na Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 200 la mwaka 2010, lilisema wafanyakazi wasitakiwe kupimwa virusi, likawataja pia wanaotafuta kazi. Kwa hiyo asije mtu akatuambia ya kwamba wale wawili walikuwa bado hawajaandikwa, hawana haki. Wanayo.

Wala msidhani sheria hizi ni za kuandikwa tu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kazi ya hapa Kenya iliamua kesi ya mama mmoja ambaye damu yake ilipimwa virusi bila yeye kujua, mwajiri akapewa majibu, na mama akanyimwa kazi ya kudumu. Mahakama ikamtetea, ikaamuru alipwe mamilioni ya shilingi. Ile ilikuwa damu. Leo wamegundua ya kwamba mate hayahitaji sindano wala bandeji, hayaachi alama mkononi, na mtu aweza kupimwa kwenye mstari wa kazi kabla ya jua kupanda. Urahisi huo, ambao kwa mgonjwa ni neema, kwa mwajiri mbaya ni kishawishi. Sheria ya 2006 haikusema damu tu. Imesema kupimwa.

Wakubwa fulani hutujibu: lakini walikubali, kila mtu alipangusa ufizi wake kwa mkono wake mwenyewe. Je, mtu aliyetoka nyumbani usiku, ameacha watoto bila unga, ameona watu sitini wamesimama kwa kazi ya watu arobaini, akipewa kijiti atasema sitaki? Atakifyonza kama peremende! Ridhaa ya mwenye njaa mbele ya mwenye daftari si ridhaa, na sisi tuliowahi kusimama katika mistari ile hatuhitaji wakili atueleze. Wenye kazi ya kudumu tuwakumbuke hawa vibarua, maana kinachojaribiwa kwao leo bila kupingwa kitaletwa karakana kesho.

Wazee wetu walivaa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikashikwa kwa nguvu baada ya vita vya kwanza vya dunia, na Mwafrika alikibeba shingoni katika kikebe chake, ndani mmeandikwa bwana wake nani na ametoka kazi gani. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Kipande kiliondoka kwa sababu watu walikikataa kwa miaka mingi. Sasa mtu anataka kuandika habari za miili yetu katika daftari lake, na kwa daftari hilo aamue nani ale na nani asile. Hicho ni kipande, ila hiki wanakitafuta mdomoni.

Na kama kweli ni mambo ya afya, mbona hatuoni afya nyingine ikishughulikiwa? Mafundi wa karakana wamepoteza masikio kwa kelele za vyuma, hakuna kijana aliyekuja na sanduku la kupima masikio. Vumbi la kokoto laingia vifuani mwaka baada ya mwaka. Maji ya kunywa ya genge la njiani huja kwa toroli likikumbukwa. Mtu aliyewasahau watu wake kwa hayo yote, akaukumbuka ufizi wao tu, hatumwamini.

Hata hivyo, ndugu, tusije tukageuza ubaya wa bwana kuwa sababu ya kujificha. Maana wako kati yetu waliofurahi waliposikia chama kimekataa upimaji huu, wakasema basi hatupimwi tena kabisa. Hatukusema hivyo. Madereva na makondakta wanalala Voi leo, Nakuru kesho, na kila mtu anajua maisha ya njiani yalivyo. Tumezika watu ambao wangalikuwa hai kama wangalijua mapema, na wake zao baada yao. Aliyejua hali yake mapema akaanza dawa huzeeka na wajukuu. Asiyetaka kujua huletwa hospitali akiwa amebebwa. Kijiti hiki ni kizuri hasa kwa mtu wa zamu, asiyepata nafasi ya kukaa foleni ya kliniki mchana, na kwa mtu anayeona haya kuonekana mlangoni.

Basi jipimeni, lakini kwa mikono yenu na katika vyumba vyenu. Vipimo hivi hupatikana katika maduka ya dawa, na waweza kuuliza katika hospitali za serikali. Usile wala kunywa kitu kwa dakika 15 kabla, wala usipige mswaki kwa nusu saa. Pangusa ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, tia kijiti katika kichupa chake, usome si kabla ya dakika 20 wala si baada ya 40. Mstari mmoja penye herufi C ni kwamba askari hawakuonekana. Kama ulijihatarisha karibuni, rudia baada ya miezi mitatu, wala usijitape. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa umefifia, nenda hospitali upimwe damu. Pasipo mstari penye C, kipimo kimeharibika, tafuta kingine. Na asimpime mkewe kwa nguvu mtu yeyote anayejiita mwanachama wa chama hiki. Sheria ile ile inayotulinda na mwenye kandarasi inamlinda na yeye.

Chama kimepeleka madai kwa waajiri. Vijiti viletwe, ndiyo, lakini viwekwe mahali mtu atakapochukua bila kuandika jina lake. Anayekwenda kupimwa damu au kuchukua dawa asikatwe mshahara wa siku hiyo. Upimaji wa aina yoyote kwenye mstari wa kazi ukome, uwe wa mate, wa damu au wa mkojo, isipokuwa ule uliowekwa na sheria kwa hatari ya kazi yenyewe. Na kandarasi yoyote ya njia iandikwe ndani yake ya kwamba mwenye kandarasi atafuata haya, la sivyo apoteze kandarasi. Hilo la mwisho wamelikataa mpaka sasa. Sisi hatutaliacha.

Wale ndugu wawili waliorudishwa waje wamwone katibu wa tawi, wala hawataulizwa majibu yao yalikuwa nini. Malalamiko yatapelekwa mbele ya baraza la Nairobi lililowekwa na sheria ya 2006 kusikiliza mambo haya. Watu watatu waliokuwa katika mstari ule wamekwisha kukubali kushuhudia, na wengine wawili wangefaa sana, hasa aliyesimama karibu na karani akaona daftari. Majina yenu hayatapigwa chapa. Anayetoka zamu ya usiku atamkuta katibu ofisini mpaka saa tatu asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili.